Mtunzi wa Wimbo Namba Kumi na Saba

Idrisa, mwenye duka la kuchapa pale Mtendeni, alikuwa akipanga kijitabu cha nyimbo za jubilei ya kanisa, na alipofika wimbo namba kumi na saba alisita. Juu ya kila ukurasa, upande wa kulia, palitakiwa jina la mtunzi, na hapo palikuwa patupu. Akamuuliza Mzee Nikolaus aandike nani.

Nikolaus si mtu wa kukosa majibu. Alijifunza nota katika madarasa ya jioni ya watu wazima, akiwa bado fundi baiskeli, hata akawa mwalimu wa kwaya ya kigango chao, kilichoko njia ya Kwihara. Na jina alilijua vizuri. Wimbo huo, "Tua Mzigo", ulitungwa na Raymundi Mayala, aliyemtangulia katika ualimu. Raymundi alichukua mwendo wa wapagazi wa zamani, hatua mbili na pumzi, akautia maneno ya Komunyo. Siku ulipoimbwa mara ya kwanza watu walijikuta wote wanakwenda kupokea kwa hatua moja, na hakuna aliyewaelekeza.

Raymundi huyo huyo ndiye aliyempa mimba Bernadeta, mdogo wake Nikolaus, msichana wa miaka ishirini aliyeongoza sauti ya pili. Mwalimu alikuwa na mke na watoto watano. Alipoitwa mbele ya halmashauri ya walei aliapa kwamba hahusiki, akaongeza kuwa binti alikuwa akionekana na madereva wa malori kule Puge. Halmashauri ikamwamini, Bernadeta akasimamishwa kwaya. Aliyeandika muhtasari wa kikao kile, kwa mwandiko mzuri na bila kosa hata moja, alikuwa Nikolaus.

Miaka miwili baadaye wasichana wengine wawili walileta habari ile ile. Raymundi akafukuzwa, akahamia mbali, akafia huko. Hakuna aliyekwenda kumwambia Bernadeta kwamba sasa amesadikiwa. Yapata miaka thelathini hajaingia kanisani. Yeye na kaka yake hawana ugomvi: humletea kaka unga, huja kwenye misiba, hutania watoto wa kaka. Ila kanisani haendi. Nikolaus alitaka jambo moja tu kabla ya kufa, amwone ameketi ndani siku ya jubilei.

Suala la wimbo kwaya ilikuwa imekwisha kulijadili. Wachache walitaka utupwe. Advera, mwenyekiti, akasema yeye hajapata kuona wimbo uliompa mtu mimba. Watu wakacheka, na mjadala ukafia hapo. Wimbo ubaki, jina litoke. Padre alisema waamue wenyewe. Nikolaus aliona ni busara, maana Bernadeta akifungua kijitabu hatakutana na jina lile.

Sasa Idrisa alikuwa anangoja.

"Andika hivi," Nikolaus akasema. "Wimbo wa wapagazi wa kale."

Idrisa alifurahi sana. Baba wa babu yake alibeba mizigo kutoka Ujiji mpaka pwani, na hakuna aliyewahi kumtaja kwenye kitabu chochote. Akatafuta picha ya msafara, akaiweka kwenye jalada kama zawadi yake kwa Wakristo.

Vijitabu mia tatu vilipokamilika, Nikolaus alichukua kimoja akampelekea Bernadeta, anayeshona sare za shule kwenye baraza mtaa wa pili. Akamkaribisha kwenye jubilei kwa maneno aliyoyaandaa njiani. Bernadeta alijifuta mikono, akafungua mpaka namba kumi na saba, akaisoma sauti ya pili yote kwa midomo, bila kutoa sauti. Kisha akatazama juu, kulia.

"Kaka, wapagazi wamewakosea nini?"

Nikolaus akamwambia hajamwelewa.

"Walibeba pembe za ndovu, wakabeba nguo, wakabeba na Wazungu wagonjwa. Sasa mmewatwisha na Raymundi."

Nikolaus akaeleza kwamba jina limetolewa kwa ajili yake, asiumie.

"Kwa ajili yangu? Mmemfulia nguo, kaka, mkazinyoosha na pasi. Tukishakufa sisi, atakuwa hajawahi kuwapo. Na kama hakuwapo, mtoto wangu nilimzaa na nani? Na madereva wa Puge. Hao wamo kwenye muhtasari wako."

Nikolaus akauliza kama anataka wimbo uondolewe. Hapana, akasema, ni mzuri, na hawezi kuukana uzuri wake, maana hata sasa humtoka mdomoni akiwa kwenye cherehani, naye hujikasirikia. Waimbe wasiimbe, shauri yao. Ila jina liandikwe, na alichofanya kijulikane, na walichofanya waliomwamini. Akarudi kwenye mshono.

Advera alipoelezwa alisema vijitabu vimekwisha chapwa na sherehe si mahakama.

Jumapili ya jubilei, kabla ya Misa, alisimama kuwaelekeza waumini nyimbo, kama ilivyo kawaida. Alipofika namba kumi na saba aliivua miwani.

"Hapo futeni wapagazi wa kale. Andikeni Raymundi Mayala. Alikuwa mwalimu wetu. Alimpa mimba Bernadeta, mdogo wangu, akamkana, kisha akafanya hivyo kwa wengine wawili. Sisi halmashauri tulimwamini yeye. Muhtasari niliuandika mimi."

Akaongeza kwamba asiye na kalamu aazime kwa jirani. Advera alitazama sakafu. Kalamu chache zilipita kutoka benchi hadi benchi. Wengine walifunga vijitabu.

Wakati wa Komunyo aliinua mkono, na wimbo ukaanza. Wanawake kadhaa wa kwaya hawakufungua kinywa. Waumini walioukubali mwendo walikwenda nao; wengine walikazana kuukwepa, wakitembea kama watu wanaovuka tope, na bado miguu ikawarudisha. Nikolaus alitazama mabenchi yote mpaka mlangoni. Bernadeta hakuwemo.

Mchana alimfuata nyumbani. Bernadeta alikuwa amekwisha kusikia kwa majirani. Akampa kiti, akamimina chai.

"Sauti ya pili aliongoza nani?"

"Yustina."

"Na ubeti wa tatu?"

"Waliwahi kuingia."

"Wangoje besi imalize," Bernadeta akasema. "Tangu enzi zetu wanawahi pale."

Nikolaus alikunywa kidogo, kisha akamuuliza kama Jumapili ijayo atakuja.

"Hilo sikukuahidi, kaka."

"Kweli," akasema, "hukuahidi."

Bernadeta akamsogezea sukari.