Diski Isiyopokea Majibu

Kila Jumatatu Mama Dorotea, mwenye duka la picha pale Buzuruga, aliitia diski ya kuhifadhia video kwenye mkoba wake, kati ya kanga na kopo la dagaa, akaondoka nayo kwenda nyumbani Pasiansi. Ndani yake mlikuwa na video za harusi ambazo Ayoo, msichana wa dukani, alizihamisha kutoka kwenye kamera. Jirani yake Mama Dorotea, kijana aitwaye Nathaniel, alizikata na kuzipanga kwenye laptop yake. Alhamisi diski ilirudi, na video iliyokamilika ikaja kwenye flash. Flash hiyo Mama Dorotea aliichomeka mwenyewe kwenye televisheni ya duka, wateja wote wakitazama.

Ayoo aliacha shule darasa la tano, mama yake alipougua kule Shirati. Mwandiko wake aliuonea haya, na sauti yake aliionea haya zaidi. Lakini kompyuta ya duka ilimfundisha jambo: neno ulilokosea hufutika, na hakuna anayejua kwamba ulikosea. Basi wiki moja, pembeni ya video, aliweka barua fupi: "Kaka Nathaniel, habari za kazi. Dakika ya arobaini kuna bibi anacheza peke yake nyuma ya masufuria. Tafadhali usimkate."

Alhamisi bibi alikuwemo, anacheza na mwiko mkononi, tena amewekewa wimbo mzima. Mama Dorotea alicheka mpaka akashika meza.

Tangu hapo haikupita Jumatatu bila barua. Ayoo aliandika juu ya bibi harusi aliyevua viatu akakimbilia mvua, juu ya mama yake, juu ya ziwa la kwao. Kila alichoomba kwenye video kilifanyika. Majibu ndiyo hayakuja. Kila Alhamisi alipekua folda moja moja kama anayechambua mchele, akakuta vilevile alivyoviweka mwenyewe.

Barua ya saba ilimchukua siku tatu. "Kama nakuchosha, sema niache. Ukinyamaza nitaelewa."

Diski ilirudi kimya, na Ayoo akaelewa. Jumatatu iliyofuata aliweka video peke yake, na ya pili yake vilevile. Mama Dorotea alimwuliza kama ana malaria. Akasema hapana, ni kichwa tu.

Wiki ya tatu Nathaniel alikuja mwenyewe, laptop kwapani, diski mkononi. Walikuwa wameonana mara moja tu maishani. Alimpa Mama Dorotea shikamoo, akajikwaa kwenye stuli, kisha akasimama mbele ya Ayoo kama aliyeitwa na mwalimu.

"Dada Ayoo, kwa nini uliifunga?"

"Nilifunga nini?"

"Diski. Barua zako nazisoma zote. Nikitaka kuweka majibu, inakataa, na kwenye flash wateja wote wangeyaona. Nikajua umefunga makusudi, kwamba mimi nisikilize tu. Sasa hata cha kusikiliza hakuna."

Ayoo hakujua hata diski hufungwaje. Mama Dorotea, ambaye masikio yake hayapitwi na jambo, akampigia simu fundi aliyemuuzia kompyuta. Fundi alieleza kwamba diski imepangwa kwa mtindo wa Windows, na laptop ya Nathaniel ni Mac. Mac huisoma diski ya namna hiyo bila shida, ila haiandiki kitu juu yake. Dawa ni kuifomati upya kwa mtindo ambao kompyuta zote mbili zinaukubali, uitwao exFAT. Lakini kufomati hufuta kila kitu, kwa hiyo wahamishe kwanza vilivyomo.

"Miezi miwili," Mama Dorotea alisema, akikata simu. "Nyumba yangu na yake ni ukuta mmoja, mkoba ni wangu, na mimi sijui lolote. Haya makubwa." Akasema anakwenda sokoni, akatoka bila kikapu.

Ayoo akaanza kuhamisha harusi moja baada ya nyingine kwenda kwenye kompyuta ya duka. Folda ya barua zake aliiruka. Aibu ilimwambia ifutike tu. Kidole cha Nathaniel kikagusa kioo.

"Na hiyo."

Akaihamisha.

Kazi ilikula saa mbili. Diski ilipokuwa tupu na imefomatiwa, Nathaniel aliichomeka kwenye laptop yake, na safari hii ikakubali. Akaweka folda moja, akamrudishia Ayoo, kisha akatoka haraka akasimama nje, akitazama mabasi ya stendi ya ng'ambo ya barabara kana kwamba kuna moja analisubiri.

Ndani ya folda mlikuwa na barua saba, jibu moja kwa kila barua yake. Ayoo hakuwa msomaji wa haraka. Alizifuata neno kwa neno, midomo ikitembea. Ya kwanza ilisema kwamba kwa ajili ya yule bibi wa mwiko, Nathaniel angeweza kukata harusi yote akabaki bibi tu. Ya saba ilikuwa na maneno machache: "Usiache. Jumatatu ni mbali sana."

Aliutazama mgongo wa Nathaniel pale nje, hatua kumi tu. Kumwita kwa sauti bado kulimshinda. Akafungua ukurasa mpya, akaandika, akafuta, akaandika tena kwa herufi kubwa: "Nathaniel, ingia ndani, hapo jua ni kali." Akaigeuza skrini kuelekea mlangoni, akagonga meza mara mbili ili ageuke.