Piko ya Sabah

Mama yangu, Mwanabibi, alikuwa hana mpinzani kwa kuchora piko, yale maua meusi ya mwilini, mtaa wetu wa Bofu mzima. Unga wa rangi ya nywele aliukoroga mwenyewe, ukawa mweusi tititi, na bibi harusi asiyechorwa naye alionekana kama hakuolewa sawasawa. Basi mdogo wangu Sabah angechorwa na nani mwingine?

Siku ya Idd alikuwa amechorwa maua mawili tu mikononi. Pakavimba, pakamwasha. Mama akasema ni kijicho cha majirani waliosikia kuwa posa imekubaliwa. Akamfukiza ubani, akamsomea, uvimbe ukapoa. Niliposema huenda ni ile rangi, nikaambiwa nisijitie udaktari.

Siku moja kabla ya nikaha, Mama alimchora mikono hadi mabegani na miguu hadi magotini, huku akimwimbia. Kabla ya alasiri midomo ya Sabah ikavimba, kisha macho. Mama akakimbilia chetezo. Mimi nikalia hospitali, hospitali, lakini wanawake walikuwa wameshaanza kusoma na chumba kimejaa moshi. Hata leo nikisikia harufu ya ubani napandwa na hasira.

"Da Nadira," Sabah aliniambia, "koo linaziba."

Nikamvuta mikononi mwao, nikampakia kwenye tuktuk. Tulifika hospitali hapumui tena.

Daktari alitueleza kwa upole. Mwili wa Sabah ulikuwa umeshaitambua rangi ile na kuifanya adui, na ule mwasho wa Idd ndio ulikuwa onyo. Ilipoingia tena kwa wingi kupitia ngozi, mwili uliinuka kupigana nayo kwa nguvu zake zote, ukavimba mpaka njia ya pumzi ikajifunga. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

Asubuhi iliyokuwa iwe ya harusi, tulimuosha. Mama aliushika mkono wa mwanawe akausugua kwa sabuni, akasugua tena, mpaka bibi muoshaji akamshika kifundo cha mkono.

"Muache, Mwanabibi. Ameshatahirika."

"Wateja wangu nawaambia haitoki upesi," Mama akasema. "Wallahi najisifu hivyo."

Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia, niliyoyaweka tangu jana. Nilimtazama, nikashindwa. Nikamwondolea sabuni mkononi, tukamvika Sabah sanda.