Jiwe la Saba

Mimi ni dereva wa halmashauri ya kijiji huku Ujerumani, na vitabu na mimi wapi na wapi. Halmashauri ilipoamua chumba cha nyaraka kiwe ukumbi wa mazoezi, niliambiwa nipeleke makaratasi yote kiwandani yakasagwe. Sikuona ubaya. Mwandiko wa Kijerumani cha mababu hata mwalimu wa historia hausomi, na somo lenyewe siku hizi ni saa moja kwa wiki.

Kiangazi hicho visima vilikauka. Ng'ombe wangu kumi na wanane walilamba ndoo tupu, na daktari wa mifugo akanipa mpaka Jumapili, niwauze au niwazike.

Siku ya mzigo wa mwisho nilimkuta Bibi Roswitha, mtunza nyaraka, anasoma kitabu kikubwa.

"Bibi, niachie hicho. Lori linasubiri."

"Lori halina haraka, Eckhard, mwenye haraka ni wewe. Kila mwaka mkizunguka kijiji kukagua mawe ya mpaka, kwenye jiwe la saba mnafanyaje?"

"Watoto wanakanyaga chini mara tatu, tunacheka, tunaenda kunywa bia."

"Kwa nini wanakanyaga?"

"Ndivyo tulivyokuta."

"Haya, kaa usikie, kichwa maji wewe."

Akanisomea. Mwaka 1635, wakati wa vita, askari waporaji walipokaribia, wanakijiji waliifunika chemchemi yao kwa bamba la jiwe na kupanda nyasi juu yake. Wakaapa kwamba kila mwaka watoto wao watakanyaga pale, ili hata watu wazima wote wakifa, watoto wajue maji yalipo.

Mwili ulinisisimka. Karibu miaka mia nne! Hata mimi nilikanyaga pale nikiwa na miaka sita.

Wanakijiji tulichimba pale siku hiyohiyo. Kwenye mita moja na nusu sururu iligonga bamba. Tulipolinyanyua, ubaridi ulitupiga usoni, kisha tukasikia maji yanatembea gizani. Meya alivua kofia. Mimi nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Ng'ombe walipokwisha kunywa, nilimfuata bibi, kofia mkononi.

"Bibi, ile mizigo thelathini na minane niliyokwisha kupeleka, ilikuwa imeandikwa nini?"

Alikifunga kitabu taratibu.

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa sijaifikia."