Tarakimu Mbili Baada ya Nukta

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, mchoraji wa mapaa aliweka kikombe chake cha chai juu ya rimu ya karatasi, akawasha kompyuta na kukuta programu ya kuchorea imejisasisha yenyewe mwishoni mwa juma. Vitufe vilikuwa na rangi mpya na mipangilio yake yote ilikuwa imefutika. Akafungua dirisha la vipimo ili aanze upya: ukubwa wa maandishi, aina ya mishale, mita, tarakimu mbili baada ya nukta. Chini kabisa palikuwa na kisanduku ambacho hakikuwapo zamani, kimeandikwa "Onyesha kila mahali." Akakitia tiki, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutia tiki.

Vipimo vikaonekana kila mahali. Kati ya kikombe na ukingo wa meza ulikatiza mstari mwembamba wa kijivu, una mshale huku na mshale huku, na katikati yake 0.14. Mlango wa ofisi ulikuwa 0.90. Bosi alipoingia, mstari wake ulianzia utosini ukaishia kwenye soli za viatu, 1.63, ingawa miaka yote alikuwa akijitangaza kuwa na mita moja na sabini. Aliutazama, akavuta suruali juu kidogo, akauliza kama chai imebaki.

Saa saba mchana mchoraji alibeba chakula cha dada yake na kutoka. Barabarani watu walikuwa wameshazoea. Waliinama wakipita chini ya mistari iliyonyooshwa kutoka ukuta hadi ukuta, na mama mmoja alikuwa ameanika shuka mbili kwenye 4.20 ya uchochoro wake. Shuka zilikauka vizuri tu.

Dada alikuwa fundi cherehani katika ukumbi mpya wa ushonaji, wenye mashine arobaini na paa la vigae. Paa hilo mchoraji mwenyewe ndiye aliyelichora mwaka uliopita. Paa la vigae ni zito, na kanuni inataka kenchi, yaani zile fremu za mbao zinazolibeba, zipangwe mita moja moja. Bosi alitaka mbao chache, kwa hiyo zikapangwa kila baada ya mita moja na sentimita arobaini na tano. "Toa tarakimu baada ya nukta," alisema wakati ule, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha mchoraji. "Hatugusi paa. Tunagusa onyesho tu." Akazitoa. Programu ikakadiria 1.45 kwa namba nzima iliyo karibu zaidi, ikaandika 1, mkaguzi akasoma 1 kwenye kila nafasi, akapiga muhuri. Maseremala hawakuhangaika na ramani. Walipewa orodha ya mbao iliyotoka kwenye programu, na programu haikuwa imesahau zile arobaini na tano.

Sasa zilining'inia hadharani, 1.45, 1.45, 1.45, kutoka ukuta huu hadi ule. Mistari mingine ilishuka wima kutoka kwenye boriti hadi utosini mwa kila fundi. Mfupi kuliko yote ulikuwa wa dada, maana yeye alikuwa mrefu kuliko wote: 2.60.

Mafundi walikuwa na furaha. Tepu zao walizitundika misumarini, kwa kuwa mteja akisimama tu mlangoni, kiuno chake kinasomeka mpaka ng'ambo ya pili. Wateja wanene walianza kutuma suruali zao za zamani badala ya kuja wenyewe.

"Umekonda, mdogo wangu," dada alisema, akimtupia jicho bila kuacha kushona. "Kiuno sifuri nukta sita tisa. Hujioni?"

"Dada, hama hapa."

"Nihamie wapi?"

"Popote. Zile kenchi zimeachana mno. Zilitakiwa ziwe mita moja moja."

Dada alisimamisha gurudumu la mashine kwa kiganja, akatazama juu. Alisoma nafasi zote, moja baada ya nyingine, midomo ikicheza.

"Nani alichora?"

"Mimi."

Dada akakata uzi kwa meno. Kiti kile cha dirishani alikuwa amekingoja miaka minne, na macho yake siku hizi yalihitaji mwanga.

"Basi funga mdomo," alisema kwa upole. "Watakufukuza kazi. Chumvi umeleta?"

Mchoraji alitarajia moyo umwende mbio. Haukwenda. Alihisi ganzi ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila safari hii ilikuwa ya mwili mzima. Akatoa chumvi.

Alhamisi mkaguzi alipita ukumbini kuchukua koti lake. Akatazama juu, akalijaribu koti, akatazama juu tena, kisha akaenda moja kwa moja ofisini.

"Muhuri wangu unasema moja," alimwambia bosi. "Pale ukumbini ninavunjiwa heshima mbele ya watu."

"Hilo ni la onyesho," bosi alisema, akampungia mchoraji mkono.

Mchoraji akafungua dirisha la vipimo, akaweka sifuri. Kenchi zikawa 1. Milango yote ya mji ikawa 1, vikombe vyote 0, na bosi akawa 2, akashinda siku nzima amesimama.

Ijumaa mafundi walijaa ofisini, dada akiwa mbele. Walilalamika kwamba kila suruali sasa ni 1 na kila kiuno ni 1, na kwamba kuna bwana harusi amekabidhiwa suruali ambayo ndugu zake watatu wangeingia pamoja naye. Paa hakuna aliyelitaja. Dada alipozungumza, aliangalia zulia. Bosi alisikiliza kwa makini, akaamua kuwa kila tabaka la mchoro lina mipangilio yake: nguo zirudishiwe tarakimu mbili, mapaa yabaki hivyo hivyo. Mafundi walipiga makofi na kurudi kazini.

Mistari ya utosini ilianzia kwenye boriti, kwa hiyo programu iliihesabu kuwa ya paa. Wa dada ukaandika 3.

"Paa limepanda," fundi wa jirani alimwambia dada.

Lakini kwenye kompyuta, ukibofya mstari, kisanduku kidogo cha kipimo halisi hufunguka chini, na hicho hakina mipangilio. Jumatatu kilisema 2.60. Jumatatu iliyofuata kilisema 2.59, na iliyofuata 2.58. Mchoraji alimwonyesha bosi.

"Ukiwa kule ukumbini unasoma ngapi?" bosi aliuliza.

"Tatu."

"Haya."

Mchoraji alimwandikia mkaguzi barua, ikarudi ikiwa na muhuri. Alimsihi dada mara mbili zaidi, na mara zote mbili dada alimuuliza kama bado ana kazi. Alikuwa nayo.

Baada ya wiki kumi kisanduku kilisoma 2.50. Alijua programu inavyofanya: ikishuka hapo kidogo tu, itaandika 2, na ukumbi mzima utatazama juu. Alifikiria jambo hilo wakati chai yake ikipoa. Halafu akapita duka la vifaa vya ujenzi, akanunua msumeno mdogo.

"Inuka kidogo, dada," alisema saa saba mchana.

Dada aliinuka. Mchoraji akakipindua kile kiti, akakata sentimita moja kutoka kila mguu. Vipande vinne vya mbao vilianguka sakafuni, akavikusanya na kuvitia mfukoni. Dada akaketi, akajitikisa kulia na kushoto. Kiti hakikuyumba. Wote wawili wakatazama juu: 3.

"Mashine imekuwa juu," dada alisema.

"Utazoea."

"Nitazoea. Wiki ijayo kata mbili, upumzike inayofuata."

Mchoraji alisema sawa. Alipogeuka kwenda zake, fundi wa jirani alikuwa amesimama, kiti chake amekishika miguu juu, na nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni.