Matanga ya Sylvère

Saa nane na dakika kumi mchana, Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, viti vya plastiki vipatavyo hamsini vilikuwa vimepangwa chini ya turubai katika uwanja wa nyumba ya Perpétue, huko Panda, Likasi, nchini Kongo, na wanawake wa kwaya walikuwa wakimlilia mtu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona.

Barthélemy alisimama langoni na mfuko wake wa viazi. Kwa muda alidhani aliyekufa ni Perpétue mwenyewe, mchumba wake. Kisha akaona kipande cha katoni kilichoegemezwa juu ya meza, kimeandikwa kwa kalamu nzito: SYLVÈRE BIGIRINDAVYI, 1996. Picha haikuwepo.

Dada yake mkubwa, Henriette, alimjia huku akifunga upya kitambaa kichwani.

"Yaya, hii ni nini?"

"Unaona muzuri. Tunatosha matanga ya bwana wa Perpétue. Njo itaisha ile maneno."

"Yeye anajua?"

"Atajua akifika. Nani anaombaka ruhusa ya kulilia maiti?"

Henriette hakuwa na nia mbaya. Katika ukoo wao, mjane ambaye matanga ya mumewe hayajaondolewa, au kwa usemi wa Henriette hayajatoshwa, haolewi. Wanasema anayemchukua anamchukua pamoja na marehemu. Perpétue, Mrundi asiye na ndugu hata mmoja mjini, alikuwa ameishi Likasi miaka kumi na moja bila mtu wa kumfanyia jambo hilo. Henriette akaamua kuwa ndugu huyo. Aliomba unga na samaki kwa majirani, akaazima turubai la parokia, na binti yake Michelle akatuma tangazo la msiba katika vikundi vyote vya simu alivyovijua, lenye jina kamili la marehemu, mji wake wa Rumonge, na namba ya Perpétue chini. Kilichokosekana ni kimoja tu: hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba Sylvère amekufa.

Perpétue alifika saa nane na nusu kutoka karakana yake ya kuchonga mawe, tope la malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, limemkaukia hadi kwenye viwiko. Wanawake walipomwona walipandisha sauti. Alipita katikati yao, akasoma katoni, akailaza kifudifudi juu ya meza.

"Nani aliwaambia amekufa?"

Kwaya ilinyamaza, sauti moja baada ya nyingine.

"Shemeki," Henriette alisema, "inapita miaka makumi mbili na munane. Kama iko muzima, basi iko na miguu mubaya sana, juu mpaka leo hajafika."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Huenda ana miguu mibaya," Perpétue alisema. "Mimi sijui. Wewe unajua?"

"Minye najua ndugu yangu anazeeka."

"Hilo hata mimi naliona." Alimtazama Barthélemy na viazi vyake, kisha akawageukia wageni. "Chakula kimeiva, kuleni. Samaki hawana kosa. Lakini msilie tena. Sitamzika mtu kwa sababu nataka harusi."

"Anasema kama redio," mwanamke mmoja wa kwaya, aliyekishangaa Kiswahili sanifu cha Perpétue, alimnong'oneza mwenzake, na wote wawili wakaenda kunawa mikono. Bukari, ugali wao, iliisha kabla ya saa kumi, viti vikarudishwa, turubai likakunjwa.

Barthélemy alikuwa na miaka hamsini na tisa, mgane kwa miaka tisa, na kazi yake ilikuwa kupima madini katika maabara. Mawe yalimfikia kutoka Kambove na kwingineko, naye aliandika asilimia ya shaba iliyomo. Mwaka 2019 Perpétue alimletea ndoo ya tope linalobaki baada ya kukata malakiti. Alitaka kujua lina shaba kiasi gani, kwa sababu jirani yake alilima mboga mahali maji hayo yalipotiririkia. Barthélemy alipima, akampa tarakimu. Perpétue akauliza, "Umejuaje?" Katika miaka thelathini ya kazi, wakubwa wake walikuwa wameuliza kila kitu isipokuwa hicho. Alimweleza hatua zote, naye akasikiliza hadi mwisho. Wiki iliyofuata akachimba shimo la kuzuia tope, na Barthélemy akaenda kuliangalia bila kuitwa.

Mengine aliyajua polepole, kwa maana Perpétue aliyatoa kama orodha ya tarehe. Mwaka 1996, Perpétue akiwa na miaka ishirini na mitatu, mumewe aliondoka asubuhi kwenda sokoni Rumonge, na watu wenye silaha wakamchukua barabarani. Siku mbili baadaye kijiji kilichomwa. Alivuka mpaka kwa miguu hadi Tanzania, mtoto mgongoni. Mtoto alikufa kambini mwaka uliofuata, kwa surua. Alikaa humo miaka kumi na sita. Kambi ilipofungwa alivuka ziwa hadi Kalemie, akapanda treni, akashuka Likasi kwa sababu tikiti yake iliishia hapo. Alianza kwa kuoshea mawe mchongaji mmoja mzee, akajifunza kukata, na mzee alipoacha kazi alimwachia mashine. Sasa wanawake wanne walifanya kazi kwake, na asiyelowesha jiwe kabla ya kulikata alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, kwa sababu vumbi la malakiti huharibu mapafu. Mzee yule alikuwa amekata mawe makavu maisha yake yote, na kifua ndicho kilichomwachisha kazi.

Desemba 2023 walikwenda pamoja kwa Abbé Cédrick, padri wa parokia, kuomba ndoa. Abbé alisema wazi: mume aliyepotea si mume aliyekufa, hata akipotea miaka hamsini. Kanisa linataka mashahidi. Watu wawili wa Panda walijitolea siku hiyo hiyo kuapa kwamba walimwona Sylvère akifa, ingawa hawajawahi kufika Burundi. Perpétue aliwashukuru, akakataa.

Sasa, uwanja ukiwa mtupu, Barthélemy alisema jambo alilolizuia tangu Desemba.

"Dada yangu alikosea. Lakini nawe utangoja mpaka lini? Unajua ndani yako kwamba amekufa."

"Ndani yangu najua mambo mengi." Alikuwa akisugua tope mkononi kwa brashi. "Wakikuletea jiwe bila jina la shimo lilikotoka, unaandika nini?"

"Siandiki."

"Hata kama unalifahamu kwa macho?"

Barthélemy aliufungua mfuko wa viazi.

"Bado nakutaka," Perpétue alisema. "Na nikishindwa kupata shahidi nitabaki nakutaka hivyo hivyo, kila mtu kwake. Nimekwambia ili usiwaze vingine."

Barthélemy alimenya viazi, wakala, akarudi kwake. Njiani aligundua kwamba hasira yake ilikuwa imekwisha, na kwamba hofu ya kubaki kila mtu kwake ilikuwa bado ipo.

Jumanne tarehe 12, saa saba mchana, walikuwa karakanani wakila wakati simu ya Perpétue ilipolia. Namba ilikuwa ya Uvira. Aliiweka kwenye spika ili Barthélemy asikie.

"Ni wewe mke wa Sylvère?" Sauti ilikuwa ya mwanamume wa makamo. "Naitwa Arsène, ni mwashi huku Uvira. Nimeona tangazo lenu, limenifikia kutoka kwa watu wa Kalemie. Mama, mbona mnamfanyia msiba mwaka huu? Mimi nilimfahamu sokoni Rumonge, na nilimzika zamani."

Perpétue alisukuma sahani kando, akavuta karatasi. Alichukua kalamu.

"Siku aliyochukuliwa alivaa nini?"

"Shati la bluu la mikono mirefu. Suruali sikumbuki."

"Alikuwa na alama gani mwilini?"

"Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha."

Kalamu ilisimama, kisha ikaendelea.

"Maneno yake ya mwisho yalikuwa yapi?"

Perpétue aligeuza karatasi upande wa pili.

"Sijui, mama," Arsène alisema. "Nilikuwa nimejificha kwenye michikichi, mbali, hatua mia au zaidi. Nilisikia risasi, sikusikia maneno. Nisamehe."

Alieleza yaliyobaki: mto gani, upande gani, na kwamba siku ya tatu alirudi na kuwazika watu watatu kwa jembe la kuazima, jembe la mama mmoja aitwaye Clotilde, mwenye shamba la michikichi. Perpétue aliandika yote, akamsomea, akamwuliza kama ameandika sawasawa.

Perpétue alikata simu. Barthélemy alisogeza kiti karibu.

"Kambini walinijia wawili," Perpétue alisema. "Wote walimwona akifa, na wote walisikia akilitaja jina langu. Mmoja alitaka blanketi langu. Huyu hakusikia kitu."

Kisha akalia, bila sauti, kwa muda wa dakika kumi hivi. Wale wanawake wanne walitoka nje mmoja mmoja. Henriette alipofika jioni na kuambiwa, hakujisifu. Aliuliza tu kama wamekula.

Abbé Cédrick aliandika barua mbili. Arsène alitoa ushahidi wake mbele ya padri wa Uvira mwezi Aprili. Clotilde alipatikana Rumonge, akiwa na miaka themanini na moja, shamba lile lile, akatoa wake mwezi Juni. Nakala zilipofika, Perpétue alizisoma mara mbili na uso wake ukabadilika.

"Arsène anasema siku ya tatu. Mama anasema ya nne."

Barthélemy alivaa miwani. "Jiwe moja, tukilipima watu wawili, majibu hayalingani hadi tarakimu ya mwisho. Yakilingana kabisa, nauliza nani alimwiga mwenzake."

"Mto?"

"Wote wanataja ule ule."

"Jembe?"

"Hilo hilo. Na makaburi matatu."

Perpétue alizifikiria hadi kesho yake, kisha akampelekea Abbé, akiwa amepigia mstari tofauti ya siku ili asiipite bila kuiona. Hati ya askofu ilitoka tarehe 6 Septemba: Sylvère Bigirindavyi anahesabiwa amekufa, na mjane wake yu huru kuolewa. Jumapili tatu majina yao yalisomwa kanisani. Hakuna aliyesimama kupinga.

Jumamosi tarehe 5 Oktoba 2024, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, Perpétue alitia sahihi katika kitabu cha ndoa cha parokia. Abbé alimwonyesha nafasi iliyoandikwa hali ya bibi harusi, naye Perpétue akaandika mwenyewe "mjane". Barthélemy alitia sahihi chini yake, kisha mashahidi wawili, Henriette akiwa wa kwanza.