Ufunguo wa Mzee Kona

Fundi wa funguo alichomeka bisibisi nyembamba kwenye ubavu wa ufunguo wa gari, akalibandua ganda lake, akainamia kilichomo ndani. Upande wa pili wa meza, kando ya baba yake, binti alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Alijua fundi angekuta nini humo. Asichojua ni kama fundi huyu alikuwa mtu wa kusema kila anachokiona.

Alikuwa mtu wa kusema.

"Betri nzima, vitufe vizima. Milango si inafunguka, mzee?"

"Inafunguka," alijibu baba yake. "Stata inapiga vizuri tu, ila injini haishiki. Tangu juzi. Mpaka nimeburutwa kwa kamba kuja hapa, mimi!"

"Haiwezi kushika. Kuna chipu ndogo inakaa hapa, kwenye hiki kijumba. Gari ikiikosa inakuhesabu wewe mwizi. Sasa humu haimo."

"Imedondoka?"

"Haidondoki hii. Tazama mikwaruzo, ganda limefunguliwa kwa kisu. Imetolewa na mtu."

Binti aliubana mkoba zaidi. Kisu chenyewe kilikuwa cha kumenyea viazi, na namna ya kufungua alijifunza kwenye simu, kajifungia chooni kama mtoto anayeiba sukari. Chipu ilikuwa mkobani, imefungwa kwenye kitambaa, kwa sababu aliogopa kuiacha nyumbani mwanawe asije akaimeza.

Baba yake alikuwa ameendesha basi miaka thelathini na mmoja bila kukwaruza hata kioo, na madereva wenzake walimbandika jina la Mzee Kona, kwa kuwa abiria wake aliyesimama hakulazimika kushika bomba hata kwenye kona kali. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia tu aache kuendesha. Binti alijaribu mara tatu, akaambulia kununiwa.

Ndipo mwezi uliopita baba akaenda kumchukua mjukuu wake shuleni, na hawakurudi. Walipatikana jioni kwenye kituo cha zamani cha mabasi, palipobaki nyasi na mabati. Mtoto, miaka sita, alikuwa amejikojolea kwenye kiti. "Babu amesema tunasubiri abiria wajae," alimwambia mama yake. Kesho yake baba alikana katakata, na kuanzia siku hiyo binti hakuwa na usingizi. Bora lawama kuliko kumzika mtoto, alijiambia, akachukua kisu.

"Nimeshamjua," baba alisema sasa. "Ni yule dada wa kazi. Leo hii anafungasha virago."

Dada wa kazi alikuwa amekaa nao miaka tisa. Ndiye aliyemwogesha mama mpaka siku yake ya mwisho, wakati binti mwenyewe alishindwa hata kuushika ule mkono uliokonda. Binti alitamani kujitia hamnazo. Angenyamaza dakika kumi tu, chipu mpya ingewekwa, na mwanamke asiye na kosa angelala barabarani.

"Si dada, baba." Alifungua mkoba, akakikunjua kitambaa mezani. "Ni mimi."

Fundi aligundua ghafla kwamba droo yake inahitaji kupangwa.

Baba alikitazama kile kipande cheusi, kidogo kuliko haragwe. "Na ule ufunguo wa akiba ulioniambia umepotea?"

Aliutoa nao. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Ulinifanya mjinga nyumbani kwangu," baba alisema. "Ungeniambia."

"Nilikwambia, baba. Ulikataa. Na mimi yule mtoto ninaye mmoja."

Baba alimgeukia fundi. "Irudishe chipu kwenye wangu. Halafu huu wa kwake ufute kwenye gari, usifungue kitu tena."

Fundi alimtazama binti, akamtazama mzee. Gari ilikuwa ya mzee. Alirudisha chipu, akatoka nao uani, akachomeka mashine yake chini ya usukani, akabonyeza hapa na pale. "Sasa gari inaujua ufunguo mmoja tu," alisema kwa upole, kama anayetoa pole ya msiba.

Injini ilishika mara moja. "Panda," baba alisema, na binti akapanda, kwa kuwa kumwacha aende peke yake kulimtisha zaidi.

"Nilimkosea yule dada," alisema wakitoka getini. "Asijue nilivyomsingizia. Asiondoke."

Hatua mia mbele ilikuwa njia panda. Nyumbani ni kushoto. Baba aliwasha indiketa ya kulia, akaizima, akawasha ya kushoto, akaizima nayo. Aliitazama barabara moja, kisha nyingine, kisha akarudia ya kwanza. Nyuma yao honi zilianza. Neno lilikuwa limeshamjaa binti mdomoni, kushoto baba, lakini hakuweza kulitoa. Alikuwa ameshamwaibisha mara moja leo. Aliona mikono ya baba kwenye usukani, mikono ile isiyokosea kona, isijue izungushe wapi.

Baba alizima gari. Akauchomoa ufunguo, akaunyoosha kwa binti bila kugeuza kichwa.

"Fundi yule hajui kazi," alisema. "Ufunguo bado unasumbua. Endesha wewe."

Machozi yalimlenga binti. Uongo ule ulikuwa wake, na sasa baba alikuwa anauomba.

"Kweli, baba, unasumbua," alisema. "Hata mimi nimeona."

Walishuka, wakapishana mbele ya boneti bila kutazamana, honi zikiwapigia. Binti akakaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto, akazungusha ufunguo. Injini ilishika palepale, na baba akaanza kukohoa kwa nguvu, kama asiyetaka kuisikia, akakohoa mpaka walipoimaliza kona.