Wafu wa Chombo cha Anga kwa Kinyozi

"Kitabu hiki nimekiandika mimi, neno kwa neno," kinyozi alisema, akimpaka mteja povu kidevuni. Alisema hivyo kila Jumamosi. Kitabu chenyewe kiliegemea kioo, kurasa zimegeuka rangi ya chai: riwaya iliyotokana na filamu ya chombo cha anga chenye mizimu. Jaladani palikuwa na jina la kampuni ya filamu tu, basi nani angembishia?

"Wewe?" mteja alisema. "Hata barua ya mapenzi uliandikiwa na dada yako."

"Tulia, nisije nikakukata sikio."

Alasiri chombo kile cha kitabuni kilitua nyuma ya duka, kikaangusha kamba ya nguo. Wafu watatu waliingia wakijipangusa vumbi la nyota, wakaamkia, wakakaa kwenye benchi. Kinyozi aliwaambia foleni ni ndefu.

"Hatujaja kunyolewa," nahodha wao alisema, akakichukua kitabu na kukifungua mwishoni. "Tunamtafuta mwandishi. Ukurasa wa mwisho ametuacha nje ya dunia, taa za kwetu tunaziona. Atuongezee sentensi moja tu, tufike."

Wateja wote wakamgeukia kinyozi. "Haya, mwandishi, wafikishe wenzako!"

Kinyozi alichukua kalamu. Chumba cha nyuma, ambamo dada yake alikiandika kitabu kile, kilikuwa kimya tangu azikwe. Siku zile mlio wa taipureta ulijaa nyumba nzima kama mvua juu ya bati, na harufu ya wino ilishika mpaka mapazia. Kampuni haikuweka jina lake, na yeye, kaka mtu, hakumdaia haki yake. Kinyozi alikumbuka yote hayo vizuri. Sentensi haikuja.

"Mwandishi haharakishwi," alisema hatimaye. "Rudini kesho."

Mpishi wa chombo, mmoja wa wafu wale, aliinua kichwa.

"Sauti hiyo naijua."

"Ndiyo, ya mwandishi."

"Hapana. Mle kitabuni tulikuwa tukiisikia ukutani. Kila tukikaribia kufika, mlango unagongwa, chombo kinasimama, halafu inakuja sauti hiyohiyo." Mpishi akaiiga, hakukosea hata pumzi: "'Dada, acha makelele hayo! Shati langu umelipiga pasi?'"

Nahodha alikirudisha kitabu kwenye kioo, jalada likiwatazama watu.

"Sasa," aliuliza mteja mwenye povu, "lilipigwa pasi?"

"Kila siku," kinyozi alisema.